Naomba ushauri: mtoto anatimiza mwaka, bibi yake anataka anyolewe

Habari zenu wapendwa. Mimi ni Mbondei, mume wangu Mhindu wa Kigujarati, tunaishi Dar. Mwanetu anatimiza mwaka mwezi ujao. Mila zao mpaka sasa nimezipenda sana, siku ya sita usiku mama mkwe aliweka karatasi nyeupe na kalamu karibu na kitanda, eti mungu wa kike anakuja kumwandikia mtoto bahati yake, mi nikalia jamani. Miezi sita akalishwa wali wa maziwa kwa mara ya kwanza, akautema wote kwenye sari ya shangazi yake!

Sasa wanataka anyolewe kipara, wanaita babri au mundan, na kwa wembe. Kunyoa sina neno, hata kwetu tunanyoa, ila utosi bado unadunda nikiugusa na hatulii hata sekunde. Wengine najua wanasubiri mwaka wa tatu. Nimwombe mama asubiri, au nikubali ila itumike mashine? Naogopa kumvunja moyo, ananipenda kweli. Waliopitia hili mlifanyaje?