Wanaosema Sumbawanga ni ya wachawi: tuwajibu kwa barua gazetini au tuwaache wachoke wenyewe?

#1
Wakuu habari za mchana. Najua hii mada italeta vicheko ila mi naileta siriazi. Wiki iliyopita kuna gazeti limetoa stori ya watu wawili kugombania mpaka wa shamba huko kwetu Rukwa, kesi ya kawaida kabisa ya baraza la ardhi la kata, ila mwandishi kaanza na "mkoa unaosifika kwa ushirikina". Ushirikina umeingiaje hapo jamani? Mpaka wa shamba! Sasa naomba tujadili, sisi watu wa Ufipa tumwandikie mhariri kila tukichafuliwa au tukae kimya?

Mi nasema tuandike, na nishaandika. Barua tatu ndani ya miaka miwili. Mbili hazikutoka. Ya tatu ilitoka, imekatwa nusu, na kichwa cha habari wakajiwekea wao: "Sumbawanga siyo uchawi tu". Hiyo TU ndugu zangu... kurasa mbili nakanusha, wao kwa herufi mbili wamenirudisha kulekule nilikotoka. Shemeji yangu alinipigia picha ule ukurasa akanitumia, chini yake vicheko kumi.

Na hoja zilikuwepo. Chukua radi, wanayosema tunawarushia watu kwa uchawi. Sumbawanga mjini ni mita 1,700 na kitu juu ya usawa wa bahari, uwanda uko wazi, miti ya kuhesabu, mvua zikianza Novemba mpaka Aprili huko ni ngurumo mtindo mmoja, na mtu aliyesimama shambani na jembe lake ndo mrefu kuliko vyote hapo. Itampiga nani? Shule niliyosoma haikuwa na kinga ya radi hata moja. Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba Bukombe kule Geita, watu wakalia, wakazika, sikusikia mtu anasema Geita wanarusha radi. Ingekuwa kwetu ungesikia.

Alafu jina lenyewe. Wazee wanakwambia sumba ni tupa, wanga ni uchawi, yaani ukija hapa tupa uchawi wako kwanza. Hilo ni katazo, watu wakalifanya tangazo.

Ila hapa watu wa kwetu mtanikasirikia: hii sifa tumeilisha wenyewe. Mi bwenini form five, mkoa mwingine, ndoo yangu ya maji haikuwahi kuibiwa, kwa sababu wiki ya kwanza niliwaambia "mi wa Sumbawanga, chukueni tu", nikaangalia juu mawinguni. Wote wakacheka. Ndoo ikakaa miaka miwili, za wenzangu zinapotea kila mwezi. Leo nipo Dar natafuta chumba, mwenye nyumba ananiuliza kwenu wapi, namtajia, anacheka, anarudisha funguo mfukoni, anasema atanipigia. Hajapiga mpaka leo, na kilichonijia kichwani pale pale ni ile ndoo.

Na 2013 wenzetu wenye ualbino walikatwa mikono humu humu mkoani, mmoja mtoto mdogo. Barua inayoliruka hilo haifai hata kufungia karanga. Mi naona tukatae cha uongo na tukubali cha kweli kwenye karatasi ileile. Karibuni.

#2
Mkuu umeandika vizuri ila unamaliza wino bure. Barua za wasomaji nani anasoma siku hizi zaidi ya wastaafu? Utani uko kwenye simu, huko ndo wa kujibiwa. Na nchi hii nani hataniwi, Wagogo wanaambiwa ombaomba, Wachaga hela, Wahaya majivuno, Tanga huko ndo usiseme, wamekufa? Ukinuna ndo umewapa raha. Hata Sheria ya Uchawi ipo tangu mkoloni na ni ya nchi nzima, haikutungwa kwa ajili yetu. Mi wa Kalambo, mtu akinichokoza namtumia picha ya maporomoko, maji yanadondoka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, alafu namtumia na ya magunia ya mahindi. Ugali wa kwetu mbona wanaula hawaogopi?

#3
Samahanini naomba niingie, mi si wa huko, kwetu Kilimanjaro, ni nesi. Nilipangiwa zahanati moja mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Nkasi. Siku niliposema nimepangiwa wapi mama yangu alilia kama kuna msiba, akanipa na maji ya baraka kwenye chupa ya soda. Nikafika. Asubuhi ya tatu nafungua mlango nakuta sahani imefunikwa na sahani, nikaiogopa, nikaipita pembeni, mpaka jioni sisimizi wamejaa. Ilikuwa migebuka, samaki wa humo ziwani. Jirani alisikia mgeni hajapata mkaa akanipikia. Nikaenda kumwomba msamaha, hata hakukasirika, akaniambia "usijali mwanangu, wote mnaanzaga hivyohivyo". Ile kauli iliniuma kuliko angenitukana.

Tulipangiwa watatu, wenzangu wawili hawakuripoti kabisa, nikabaki peke yangu usiku na mchana. Kwaiyo kaka wa Kalambo huo utani kuna mama mjamzito anaulipia. Ila barua tuandike sisi tuliokuja tukaishi huko, mtu akijisafisha mwenyewe nani atamwamini?

#4
Dada nesi hapo kwa jirani umenimaliza. Lakini sikubali. Yaani mpaka mtu wa Kilimanjaro anipe cheti ndo nionekane mtu? Andika ya kwako na mi niandike ya kwangu, zitoke wiki moja kama Mungu akipenda na mhariri akipenda.

Na wewe wa Kalambo, maporomoko hayajibu kitu, mtu anaweza kuyapiga picha asubuhi na jioni akakunyima chumba. Bora hata ungetaja malungu. Babu zetu wa Ufipa walikuwa wanayeyusha chuma kwenye tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, hewa inajiingilia yenyewe kwa matundu ya chini bila mivukuto, na nyingine bado zimesimama huko porini. Fundi alikuwa na dawa zake anaziweka chini ya tanuru, ndiyo, sifichi, nimeliandika hivyohivyo. Mkaa na mawe alipanga yeye pia.

Ya nne naituma Jumatatu. Safari hii nimeikata mwenyewe ikabaki maneno 300 ili wasipate cha kukata, na kichwa cha habari nimewawekea kabisa: "Mpaka wa shamba ni mpaka wa shamba". Ya ndoo nimeiweka aya ya kwanza.