Mrejesho: Siku yangu moja Muscat, peke yangu

Wakuu, niliwauliza kama siku moja ya kusubiri ndege inatosha kuzunguka Muscat, mji mkuu wa Oman, bila mwenyeji. Inatosha, ila jua la kule si la Dar!

Nilianza na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, maana asiye Mwislamu huingia asubuhi tu, saa 2 hadi saa 5, na Ijumaa hakuna. Zulia lake lina uzito wa tani 21.

Utamu ulikuwa soko la Mutrah. Nabishania bei ya ubani kwa Kiingereza cha kuungaunga, mara mzee mmoja wa kanzu na kofia ananiambia, "Mwanangu, huo usinunue, umechanganywa." Kiswahili cha Unguja kabisa! Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku anacheka. Alizaliwa Zanzibar, familia yake ikahama baada ya Mapinduzi ya 1964. Tukanywa kahawa kwa halua, naye haachi kuniuliza habari za Forodhani, pale Unguja wanapouza vyakula jioni, kama pweza bado wapo.

Teksi ya kurudi nilipigwa bei. Aliyesema nipatane bei kabla ya kupanda, nimekusoma.