Shule yenye matokeo ya juu, au yenye wa kukaa na mtoto hadi jioni?

Mama wa Mmoja

Wazazi wenzangu, naomba mawazo yenu. Fomu inatakiwa irudi Ijumaa na hadi sasa sijaandika hata jina la mtoto.

Binti yangu ana miaka sita na nusu, anaingia darasa la kwanza. Nimebakiwa na shule mbili. Ya kwanza inasifika kwa matokeo: kila mwaka iko juu kwenye mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na ukuta wa ofisi umejaa picha za waliofaulu. Kazi za nyumbani wanatoa kurasa tatu kila siku, hata kwa wadogo. Lakini kengele ya saa nane na nusu mchana ikishagongwa, hakuna anayebaki na mtoto. Ya pili matokeo yake ni ya kati, ila wanakaa na watoto hadi saa kumi na mbili jioni. Mimi natoka kazini saa kumi na moja, na namlea peke yangu.

Kila ninayemuuliza ananiambia niangalie elimu kwanza, hayo mengine yatajipanga. Yatajipangaje? Mwaka jana akiwa chekechea, ndugu aliyekuwa akimchukua aliugua ghafla na mimi simu nilikuwa nimeizima, niko kikaoni. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya geti, begi bado liko mgongoni, mikanda yote miwili imembana mabegani, chupa ya maji ameikumbatia. Mlinzi alikuwa amembembeleza ahamie kivulini, akakataa. Alisema akihama, mama hatamwona. Alikaa juani saa nzima na dakika arobaini. Hakulia. Alinipa mkono tukaondoka, na usiku ule akaniuliza mara tatu kesho anakuja nani.

Niambieni ukweli: nikichagua ya pili, namharibia mtoto mwanzo wake?

Baba wa Watatu

Dada, pole sana. Mimi nilichagua matokeo kwa mtoto wangu wa kwanza, kwa hiyo nakwambia niliyoyaona.

Alifaulu, tena vizuri. Lakini miaka miwili ya mwanzo tulibadilisha watu wa kukaa naye mara nne. Jirani alihama, shangazi yake akapata kazi, wa tatu sitaki hata kumzungumzia. Alipofika darasa la tatu alikuwa anatembea na ufunguo wa nyumba shingoni na kujifungia ndani mpaka turudi. Alizoea, ndivyo tulivyokuwa tunasema. Siku moja nikawahi kurudi, nikamkuta amewasha taa za vyumba vyote saa tisa ya mchana, redio iko juu. Akaniambia hivyo ndivyo afanyavyo kila siku, ili nyumba isikae kimya.

Jambo la pili ni hizo picha ukutani. Waliomaliza na mwanangu walikuwa wachache kuliko walioanza naye. Wengine walihama kwa sababu zao, lakini wengine waliambiwa na uongozi watafute shule "inayowafaa". Waulize wazi: darasa la kwanza waliingia wangapi, na mtihani wa mwisho walifanya wangapi?

Mwalimu wa Madarasa ya Chini

Mama, nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka kumi na minane. Matokeo ya darasa la mwisho hayakwambii mwanao atafundishwaje kusoma mwaka huu, na huko kusoma ndiko kazi yenyewe ilipo. Omba kuketi nyuma ya darasa la kwanza nusu saa, shule zote mbili. Mwalimu akiuliza swali, anawasubiri wazito wa kujibu au anamkimbilia yule yule mwenye mkono juu? Kisha omba mtoto wa darasa la pili akusomee ukurasa ambao hajausoma kabla, akueleze alichosoma. Hapo utajua mengi kuliko ukutani.

Kurasa tatu zisikubabaishe. Mwaka 2006 Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na wenzake walipitia tafiti za kazi za nyumbani wakaona uhusiano wake na ufaulu una nguvu zaidi sekondari kuliko shule ya msingi. Na piga hesabu ya usiku wako. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Kama anaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa mbili na nusu usiku awe ameshalala, na hizo ni saa 9 tu. Wewe unafika naye nyumbani saa ngapi?

Mama Pacha

Naungana na mwalimu, ila msimpeleke mwenzetu kwa neno "malezi" tu. Wangu walikaa muhula mzima mahali palipoitwa malezi ya jioni, kumbe ni ukumbi wenye televisheni na mlezi mmoja kwa watoto zaidi ya arobaini. Mmoja wa pacha alikuwa anajizuia haja hadi nyumbani kwa sababu hakukuwa na wa kumsindikiza chooni. Nilijua baada ya wiki sita, alipoanza kuugua tumbo.

Nenda bila kutoa taarifa, kama saa kumi na moja hivi, watoto wakiwa wamechoka. Hapo ndipo utakapoona ukweli wa mahali. Angalia mlezi anafanya nini mmoja akianza kulia, na kama geti linafunguliwa kwa yeyote anayebisha.

Mama wa Mmoja

Narudi kwenu na shukrani. Jana niliomba ruhusa kazini nikazunguka shule zote mbili.

Ile ya kwanza nilipouliza walioanza na waliomaliza, nilijibiwa kwamba wasiokwenda na kasi "hushauriwa". Sikuuliza zaidi.

Ya pili nilifika saa kumi na moja kasorobo. Mlezi hakufungua mpaka nilipojieleza, akamwita mwenzake aje. Watoto ishirini na wawili, walezi wawili. Kijana wa darasa la tano alikuwa anawasomea wadogo wanne, na kila akifika mwisho wa ukurasa wanagombania nani ageuze. Mtoto mmoja amelala pembeni, kiatu kimoja kimevuliwa. Wa darasa la pili aliyenisomea alikwama kwenye maneno marefu, akayakata silabi kwa silabi mpaka akayapata, kisha akanihadithia yote. Kusoma naye dakika ishirini kila usiku naweza. Kumtoa kwenye ile ngazi nikiwa kazini siwezi. Fomu nimeijaza.

Mwalimu wa Madarasa ya Chini

Umefanya vema, mama. Likizoni je, na siku za semina za walimu, wanakaa na watoto? Uliza kabla hujalipa.

Mama wa Mmoja

Hilo sikuuliza, mwalimu. Kesho asubuhi napita hapo kabla ya kwenda kazini.