Tucker 48: serikali iliiua, au ilikufia kwenye giaboksi?

Mleta mada: Wakuu, Preston Tucker, Mmarekani aliyeanzisha gari la Tucker 48, alitoa magari 51 tu pale Chicago, likiwemo lile la mfano, na mlango ukafungwa. Msimamo wangu ni kwamba aliuawa. Mei 1948 uchunguzi wa Tume ya Hisa ya Marekani unapamba moto, Juni mtangazaji Drew Pearson anaupeleka redioni, hisa zinaporomoka, mawakala wa kuuza magari wanadai fedha zao. Januari 1950 mahakama inamwachia huru yeye na wenzake saba, na mawakili wake hawakuita hata shahidi mmoja. Kiwanda kilikuwa kimeshakwenda. Tuiteje hiyo?

Fundi Gia: Mkuu, tarehe zako ni sahihi ila umeanzia mbali. Rudi Juni 19, 1947, siku ya uzinduzi. Injini iliyokuwa ndani ni ile ya 589, yaani inchi za ujazo 589: lita 9.65, silinda sita za kulala, na valvu zake hazisukumwi na kamshafti (shafti yenye vinundu vya kufungulia valvu) bali na presha ya oili. Hapo fundi yeyote anaona tatizo. Presha haiji mpaka injini izunguke, na injini haiwaki mpaka valvu zifunguke. Umeme wa kawaida wa gari haukutosha kuiamsha, zikahitajika betri za nje za volti 24 na zaidi. Kila tairi la nyuma lilipata nguvu kupitia konvata yake (kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwa oili), giaboksi hakuna, kwa hiyo rivasi nayo hakuna. Usiku wa kuamkia uzinduzi mikono ya saspensheni ilikatika. Watu walikuwa wanaombwa fedha kwa gari hilo.

Mleta mada: Lakini 589 ilitupwa! Magari yaliyofuata yalipewa Franklin O-335, injini ya helikopta ya lita 5.5 yenye nguvu farasi 166, ikabadilishwa ipozwe kwa maji badala ya upepo. Waliijaribu saa 150 ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Tena ilikaa pamoja na giaboksi kwenye fremu ndogo ya boliti sita: fungua, shusha, weka nyingine. Ni gari gani la 1948 lilimrahisishia fundi hivyo?

Fundi Gia: Injini nakubali, ilikuwa nzuri kweli. Sasa tuongee giaboksi. Walizitoa kwenye Cord 810 na 812, magari ya 1936 na 1937, wakizinunua kwenye vyuma chakavu. Sababu ilikuwa ya maana: Cord inavuta kwa mbele, giaboksi na difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili) ni kitu kimoja, ukiligeuza linaifaa injini ya nyuma. Ila lilitengenezwa kwa injini ya farasi 125, na msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa Franklin ni mkubwa zaidi, meno yakawa yananyofoka. Halafu gia zinachaguliwa kwa umeme na kusukumwa kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa. Unasogeza kijiti kidogo karibu na usukani, unakanyaga klachi, ndipo vakyumu inaingiza gia. Mpira mmoja ukivuja au waya ukilegea, gia inagoma. Waliliimarisha wakaliita Y-1, na Warren Rice alikuwa anaunda giaboksi la otomatiki la kwao wenyewe, Tuckermatic, ambayo haikufika kwenye uzalishaji wa wingi. Huwezi kuahidi maelfu ya magari ukitegemea vipuri vya jalalani.

Mhasibu: Na fedha je? Kiwanda kilikuwa cha serikali, kile cha injini za ndege za kivita za B-29, na sharti la kukikodi lilikuwa mtaji wa dola milioni 15. Ndiyo maana akauza hisa. Kisha akauza redio, vifuniko vya viti na masanduku ya safari kwa wateja ambao gari hawajaliona, ili washike nafasi kwenye foleni ya kulipata. Hapo zilipatikana kama dola milioni 2, na hapo ndipo tume ilipomkaba. Huo mlango aliufungua mwenyewe.

Mleta mada: Haya, na usalama? Taa ya tatu ya katikati inafuata usukani ukipita nyuzi 10. Dashibodi ina sponji. Kioo cha mbele kimeundwa kichomoke kikigongwa kwa ndani. Kwenye majaribio ya Indianapolis gari moja lilipinduka likiwa na mwendo wa karibu maili 95 kwa saa. Kioo kikachomoka kama ilivyokusudiwa, dereva akatoka kwa miguu yake. Mtu wa kuiba fedha hahangaiki na kioo.

Mhasibu: Mwizi hakuwa, hilo mahakama ilishalimaliza. Ila mikanda ya viti waliiondoa wakihofia wateja wataona gari ni la hatari. Hilo nalo liandike.

Mleta mada: Nimeliandika. Fundi, nijibu moja: angeachwa miaka miwili zaidi, giaboksi lingepona?

Fundi Gia: Naamini lingepona. Lakini miaka hiyo aliipoteza yeye kwenye 589. Franklin ilikuwa tayari inarusha helikopta za Bell mwaka 1946. Angeanza nayo, Y-1 ingepata mwaka mzima wa kuvunjika na kurekebishwa kabla redio ya kwanza haijauzwa.