Naomba ushauri: kumshuhudia Kristo kazini bila kufungua mdomo

Mtulivu77: Wakuu habari zenu. Mimi ni mkristo ila sio wa kuhubiri, kazini sijawahi kumwambia mtu aokoke, naamini maisha ndo mahubiri, sisengenyi, nasalimia hadi wale ambao hawasalimiwi, leja yangu ya stoo haina kufutafuta. Sasa roho inanisuta. Hivi mtu anaweza kuwa shahidi kama manabii huku amekaa kimya? Usingizi sipati.

NeemaAsubuhi: Inawezekana kabisa mpendwa, 1 Petro 3:1, waume wanavutwa pasipo neno. Wangu nilimwombea kimya kimya miaka kumi na moja, leo yeye ndo ananiamsha twende ibada, kukoroma tu ndo hajaacha 😂

kobe_mzee: Fransisko wa Assisi alisema hubiri injili kila wakati, ikibidi tumia maneno.

Msomaji: Hayo maneno hayamo kwenye maandishi yake, na mwenyewe inasimuliwa alihubiri hadi kwa ndege. Ukitaka wa kimya mtaje Charles de Foucauld, padri Mfaransa, kaishi na Watuareg wa jangwa la Sahara kule Tamanrasset, Algeria, kauawa 1916 bila kundi la waongofu, 2022 Kanisa Katoliki likamtangaza mtakatifu.

kobe_mzee: Sawa mwalimu.

JiweLaPembeni: Mtoa mada, swali la semina halimkoseshi mtu usingizi. Kazini kumetokea nini?

Mtulivu77: Hamna kubwa. Kuna mzigo ulipungua.

JiweLaPembeni: Halafu?

Mtulivu77: Kijana wa getini kasimamishwa. Aliyetoa mzigo nilimwona, hati ya kutolea kaja kuisaini siku ya tatu yake, tena kwa kalamu ya rangi nyingine. Ni bosi wangu na ni mzee wa kanisa letu, ndo alonifundisha kuomba. Kesho saa nne kuna kikao, mimi sijaitwa. Msinihukumu jamani, nimefunga siku tatu, kijana nimempelekea hela kidogo, na barua ya kuomba uhamisho nishaandika. Hata Yesu mbele ya Pilato alinyamaza.

JiweLaPembeni: Alinyamaza alipokuwa anashtakiwa yeye. Hapa anashtakiwa mwenzio. Ezekieli kweli alilala ubavu siku 390, ila ni huyo huyo aliyeambiwa mlinzi akiona upanga asipige tarumbeta, damu itatakwa mkononi mwake.

Baba_Watatu: Rahisi kuandika hayo ukiwa na mshahara. Mimi nilisema ukweli kazini, wote wakanipa mkono wa pongezi, huu mwaka wa pili natafuta kazi na kati yao hakuna anayepokea simu yangu.

NeemaAsubuhi: Pole baba. Tunakuombea.

MziziMkavu: Hii chai, na sukari imezidi. Stoo gani mali ipotee halafu mtunza leja asiitwe kikaoni? Leja ndo kitu cha kwanza kuitwa.

kobe_mzee: Nilijua tu. Kalamu ya rangi nyingine, kama filamu 😂

Mtulivu77: Leja imeitwa. Nimeambiwa niilete niiache mlangoni nirudi stoo. Na ule mstari wa huo mzigo ni mwandiko wangu, bosi alisema jaza nikajaza, mzima kabisa, hauna kufutafuta.

MziziMkavu: Ahaa.

NeemaAsubuhi: Ndugu yangu si ungeanza na hilo?

JiweLaPembeni: Hicho kikao ni leo au kesho? Uzi ni wa jana.

Mtulivu77: Ni leo. Nimekaa nje ya mlango, leja bado ninayo mapajani.