Mjadala: AI ikabidhiwe kuchora ramani za miji, au ibaki mshauri tu?

Wakuu, kuna hoja imeshika kasi siku hizi, kwamba kazi ya mipango miji iachiwe AI moja kwa moja, eti binadamu tumeshashindwa, miji inajijengea ovyo, foleni haziishi, watu wanauziwa viwanja kwenye njia za maji, afisa akishapewa bahasha eneo la wazi linageuka gorofa, wakati mashine haina shemeji wala haili rushwa. Hoja ina mashiko, hasa hapo kwa shemeji, ila mi nipo upande wa pili.

Tuwe wakweli lakini, kuna kazi mashine imetuacha mbali. Mwaka 2021 Google walitoa ramani ya majengo ya Afrika, majengo milioni 516, programu imeyasoma kwenye picha za satelaiti, kazi hiyo ukiwapa watu na tepu watazeeka nayo. Taa za barabarani zijipange kulingana na magari yaliyopo, makadirio ya mafuriko yatapita wapi, huko ianze hata kesho.

Ugomvi wangu unaanza pale inapopewa kuamua. Kuamua kunataka lengo, na lengo linawekwa na mtu. Houston kule Marekani waliipanua Katy Freeway, kazi ikaisha 2008, kuna sehemu ina leni 26 ukihesabu na zile za pembeni, halafu kati ya 2011 na 2014 muda wa safari za jioni ukawa unazidi kupanda tu, maana barabara pana inaita magari. Sasa iambie mashine "magari yapite haraka" bila kuitajia watembea kwa miguu, itakupa nini zaidi ya leni ya 27?

Na hii ya New York naona wengi hawaijui. 1969 jiji lilianzisha taasisi pamoja na RAND, wale magwiji wa hesabu, na moja ya kazi zao ikawa modeli za kompyuta za kupanga vituo vya zimamoto. Kipimo kikubwa kilikuwa muda wa gari kutoka kituoni mpaka kwenye moto. Mitaa ya maskini kama South Bronx ilikuwa na vituo vimekaribiana, kwa sababu ndiko kulikokuwa kunaungua sana, ila kwenye hesabu vikaonekana vimezidi, si gari la kituo cha jirani litafika haraka tu? Litafika kama lipo kituoni, likiwa kwenye moto mwingine je? Vituo kadhaa vikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 70 na mitaa ikaendelea kuungua. Wale hawakuwa wajinga, na kompyuta haikukosea kujumlisha, kilichopimwa ndio hakikuwa chenyewe.

Ndio maana hili la rushwa halinishawishi. Rushwa haifi, inahama dirisha, badala ya kumfuata anayegonga muhuri watu watamfuata anayeandika lengo na anayelisha data, na huyo hata sura yake huijui. Mwanasiasa nae anapata pa kujificha, "sio mimi, mfumo ndio umesema".

Najua kuna atakayesema dawa ni data nyingi zaidi. Sawa, data ya nani? Boston walikuwa na programu ya simu inaitwa Street Bump, unaendesha gari, simu inahisi mtikisiko ukipita kwenye shimo na kupeleka taarifa yenyewe. Safi kabisa, ila mtaa wa wazee na maskini wasio na simu janja ungeonekana barabara zake hazina shida. Jiji likashtuka mapema likawapa kwanza wakaguzi wake wanaozunguka mitaa yote. Ona waliookoa hapo ni watu waliojiuliza nani hayupo kwenye hizo namba, na mashine hailiulizi hilo mpaka uitume.

Msimamo wangu: ipige hesabu, itoe ramani hata kumi, lakini hesabu ziwe wazi, awepo mtu anayesaini kwa jina lake, na mkazi apewe nafasi ya kupinga kabla tingatinga halijafika.

Mnaosema iachiwe yote nijibuni hili moja, ramani ikipita kimakosa juu ya nyumba ya mtu, atamshtaki nani? Aliyetengeneza, aliyeinunua, au aliyeilisha data? Na msiniambie haitakosea.