Mkutano wa saa tatu unaoanza saa sita: nani aliwaambia wazazi hawana kazi?

Wadau, leo nimekasirika na sitaficha. Mkutano wa wazazi, shule moja nje kidogo ya mji wetu wa Kisumu. Siitaji kwa jina, mtoto bado yuko humo. Ujumbe ulikuja kwa simu: saa tatu kamili asubuhi, kila mzazi afike bila kukosa. Tumefika, viti ndiyo kwanza vinateremshwa kutoka kwenye pikapu na fundi wa spika anahangaika na nyaya.

Tumeanza saa sita.

Kisa? Mgeni wa heshima. Saa nne tukaambiwa mheshimiwa ameshapita Ahero, mji mdogo hapo karibu na Kisumu. Saa tano na nusu eti ndiyo anaingia Nyamasaria, mlangoni pa mji. Jamani, wa baiskeli angekuwa ameshafika na kunywa chai! Kila MC akishika maiki ni "wazazi wapendwa, tuvumilie kidogo." Hatimaye magari yakaingia na vumbi lake, mheshimiwa akapanda jukwaani, na maneno yake ya kwanza kwa wanafunzi yakawa: "Vijana, wakati ni mali." Na watu wakapiga makofi! Niliinamisha kichwa nisije nikatukana mbele ya watoto.

Sasa tupige hesabu. Tuseme tulikuwa wazazi 200. Saa tatu za kungoja mara 200 ni saa 600. Kwa siku ya kazi ya saa nane, hizo ni siku 75 za kazi zilizoteketea chini ya turubai kabla hata ya maombi ya kufungua. Na ni za nani? Karibu yangu alikaa mama anayeuza samaki, ameacha beseni kwa jirani na barafu inayeyuka. Mwingine ni wa boda, asubuhi yote ya abiria imeenda. Mimi ni fundi cherehani, nguo za watu ziko mezani na mwenye nguo hataki kusikia habari za mheshimiwa. Kibarua wa mjengo ndiye aliyeumia kabisa, maana kwake ukikosa asubuhi umekosa siku. Mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi hakupoteza hata shilingi, na ndiye aliyepanga mkutano.

Mambo yaliyotupeleka yalikuwa mazito: chakula cha mchana na tangi la maji. Yalipitishwa mbiombio, "mnaounga mkono inueni mikono," kwa sababu mgeni ana mkutano mwingine. (Huko nako wanamngoja, bila shaka.) Mama mmoja alisimama kuuliza pesa za tangi za mwaka jana zilienda wapi, akaambiwa muda hautoshi. Muda hautoshi!

Na shule ni hiyo hiyo. Mtoto akichelewa dakika tano anakuta geti limefungwa, anapewa ufagio. Yule mtoto alikuwa anatuangalia dirishani tumekaa kama mizigo. Unadhani amejifunza nini? Kwamba kuwahi ni kazi ya wadogo, ukishakuwa mkubwa unangojewa.

Halafu msiniletee "saa za Kiafrika." Wavuvi wa omena wanajua saa ya kuwasha taa ziwani na saa ya kurudi ufuoni, hakuna anayewasukuma. Mkulima anajua mvua za masika haziko tayari kumsubiri. Mtihani wa kitaifa wa sekondari, KCSE, ukianza umeanza, na sijawahi kuona mzazi akimtuma mtoto saa tano. Jua nalo halina lawama: ikweta inapita hapo Maseno, mapambazuko yetu hayabadiliki zaidi ya nusu saa hivi mwaka mzima. Wenzetu Uingereza mwezi wa Disemba giza linaingia saa kumi alasiri na mikutano yao inaanza. Saa tunazijua vizuri sana, tunachodharau ni saa ya mtu tunayeamini hawezi kutufanya lolote.

Tena wanaozidisha ugonjwa ni sisi wenyewe tunaongoja. Waliofika saa tatu waliadhibiwa, waliofika saa sita kasorobo walikuta viti, soda na mkutano ukianza. Mkutano ujao nani atawahi? Katibu naye kwa kujua hivyo ataandika saa mbili akimaanisha saa tano, nasi tutaelewa saa saba.

Tuanze na waliopo. Mgeni akichelewa, aketi nyuma na asomewe yaliyoamuliwa. Mheshimiwa asipewe maiki kabla ya ajenda ya wazazi kuisha, hata akifika na mchango wa tangi zima.

Notisi ya muhula ujao imeshaingia, tena saa tatu "kamili." Nimemwandikia mwalimu mkuu kwa heshima zote kwamba nitakaa hadi saa tatu na nusu, kisha narudi kwa cherehani yangu. Amesoma, hajajibu. Walio Nakuru, Kakamega, Busia: kuna shule yoyote huko inayoanza kwa wakati? Wazazi walifanya nini mpaka ikawezekana?